Posa ya Chembe Nyeupe

Jumapili, 14 Septemba

“Mrija wa pamoja haujaua mutu hata mumoja toka dunia iumbwe.” Hayo ni maneno ya Munyakazi wa Rubona, aliyoyasema leo mchana mbele ya watu sitini, amesimama juu ya kreti tupu la bia, na watu sitini wakampigia makofi. Nayanukuu neno kwa neno ili kesho asiseme nimemsingizia.

Nayajibu. Nani alihesabu? Nani alikaa kando ya chungu cha pombe ya ndizi na daftari, akaandika majina ya waliofyonza mrija mmoja, halafu akawafuata wiki ya pili kuona nani anakohoa? Hakuna. Asiyehesabu wafu wake ana haki gani ya kusema hana wafu?

Nina miaka hamsini na moja na nusu yake nimeitumia kubishana. Naitwa Illuminée. Nilizaliwa ukimbizini Ngara, nikarudi Gisenyi na Kiswahili cha Tanzania ambacho majirani wanasema kinanuka chaki. Kila Jumamosi saa nne nasema redioni. Daftari hili naliandika msimu huu wa mvua kwa ajili ya ukoo mzima, nalo nitalipiga chapa niligawe, wapende wasipende.

Leo Manzi amerudi kutoka India. Manzi ni mtoto wa marehemu dada yangu. Wazazi wake walipokwenda Ubelgiji walimwacha kwangu ana miaka minne, “mwaka mmoja tu, mpaka makaratasi yatoke”, na mwaka ukazaa ishirini na miwili. Ni mwalimu wa hesabu na refa wa ligi ya wilaya. Mwaka jana alipata saratani ya damu. Mwezi Machi madaktari wa India walifuta uboho wake wote kwa dawa kali, wakampandikizia uboho wa mdogo wake Uwera, aliyezaliwa na kukulia Ubelgiji. Saratani imeondoka, lakini kinga ya mwili wake ni changa kuliko ya mtoto wa kunyonya, na anameza vidonge vinavyoidhoofisha zaidi ili uboho wa Uwera usigombane na mwili wake. Daktari aliandika: avae barakoa, ale chakula kilichopikwa upya, asishiriki kikombe na mtu.

Munyakazi ni mdogo wa marehemu baba yake. Ndiye aliyeandaa sherehe ya kumpokea. Baada ya hotuba akafyonza pombe yeye kwanza, kuonyesha haina sumu, akapangusa ncha ya mrija kwa kiganja, akamnyooshea Manzi. Mnajua desturi. Kuukataa mrija wa mwenyeji ni kumwambia mbele za watu: wewe ni mrogi. Manzi akashusha barakoa akafyonza kidogo.

Niliunyakua, nikauvunja vipande viwili.

“Shemeji,” Munyakazi akasema taratibu, “umevunja mrija ya baba yangu.”

“Chungu kimepona kwa sababu ni kizito.”

Ndipo alipopanda kreti.

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua ya kwanza. Manzi amecheka peke yake asubuhi nzima akikumbuka jana. Mimi sijacheka.

Jumatano, 24 Septemba

Manzi ana homa, nyuzi thelathini na tisa. Siku kumi kamili tangu mrija.

Ijumaa, 26 Septemba

Kigali. Dokta Denyse, bingwa wa damu, amemlaza. Amenieleza kuhusu magonjwa nyemelezi: vijidudu ambavyo kwa mtu mzima wa afya havina ubavu, lakini mlinzi akisinzia tu vinaingia. Cha Manzi ni kirusi kiitwacho CMV. Kinakaa matumboni na kwenye mapafu. Kinaenea kwa mate, miongoni mwa njia nyingine.

Kwa mate! Sikusubiri hizo njia nyingine.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimesema redioni dakika arobaini bila kunywa maji. Nimesema mrija umemwingizia kijana wangu kirusi, na mkono ulioshika mrija ni wa Munyakazi wa Rubona, msemaji wa harusi, anayelipwa sifa na vicheko kwa kutetea uchafu. Nilimtaja jina mara sita.

Jumapili, 28 Septemba

Ujumbe mia mbili na kumi na mbili wa pongezi. Nimetembea sokoni kichwa juu.

Jumapili, 5 Oktoba

Mvua. Harusi mbili zimebadilisha msemaji. Nyirasafari, mke wa Munyakazi, anayevusha sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwenda Goma kila asubuhi, amenipita barabarani na beseni lake kichwani kana kwamba mimi ni nguzo ya umeme.

Alhamisi, 9 Oktoba

Lazima niandike yote, hata yanayoniaibisha, maana nimewahi kuwaita wengine waoga kwa kuficha robo ya haya.

Dawa hazifanyi kazi. Ya kwanza ilishusha chembe nyeupe za Manzi mpaka zikakaribia kwisha. Ya pili inaumiza figo. Kirusi kinapanda: wiki iliyopita elfu kumi na nane kwa mililita ya damu, leo elfu arobaini na moja. Amekonda. Mashavu yake yameingia, lakini ulimi wake haujakonda. Alimwambia nesi kwamba angekuwa uwanjani angekitoa hiki kirusi kwa kadi nyekundu, tatizo filimbi imezibwa.

Dokta Denyse aliniita ofisini akafunga mlango.

“Mama Illuminée, nilikusikia redioni. Unasema vizuri sana.”

“Asante.”

“Na umekosea.”

Nilikaa vizuri kwenye kiti, kama ninavyokaa kabla ya kumla mtu.

“Kabla ya kupandikizwa, Manzi alipimwa damu India,” akasema. “Cheti hiki hapa. Kirusi hiki alikuwa nacho tayari, pengine tangu hajaota meno. Mimi ninacho. Wewe unacho. Karibu kila mtu aliyekulia huku anacho, kimelala, kinga inakilinda kisiamke. Mrija wa tarehe kumi na nne haukumletea kitu ambacho hakuwa nacho.”

“Kwa hiyo mrija ni salama?”

“Sijasema hivyo. Kwa mgonjwa wa namna ile mrija ni upumbavu, kuna mengine mengi ungeweza kumletea. Ila hili halikutoka huko.”

“Mbona kimeamka sasa?”

“Kwa sababu ya uboho wa Uwera. Uwera alikulia mahali ambapo wengi hawajawahi kukutana na kirusi hiki, na yeye hajakutana nacho. Chembe zake zimefika kwenye mwili wa Manzi hazikijui hata kwa sura.”

Nilimweleza Manzi, naye akaelewa haraka kuliko mimi. “Tantine,” ndivyo anavyoniita mama yake mdogo, “ni kama kuleta refa kutoka Brussels kuchezesha mechi ya Rubona na Busasamana. Hajui nani huwa anajiangusha.”

Dokta akasema ipo njia. Mtu wa damu yake, ambaye ramani ya chembe zake inafanana na ya Manzi angalau nusu, na ambaye kinga yake inakijua kirusi. Wanamtoa chembe nyeupe kwa mashine, wanazichanganya na vipande vya kirusi visivyo na uhai. Zile zinazomtambua adui zinashtuka, na zilizoshtuka zinanaswa kwa sumaku. Hizo tu ndizo anazopewa mgonjwa. Nyingine zote zinaachwa, kwa sababu zingeweza kuushambulia mwili wa Manzi wenyewe. Hospitali iliyompandikiza inafanya kazi hiyo. Wakati mwingine inashindwa. Lakini dawa zimeshashindwa.

“Leta ndugu,” akasema. “Wote. Wiki hii.”

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua. Sikumpigia mtu simu kabla ya mchana. Nilikuwa nikijibishana na cheti cha India, na cheti kilinishinda kila mara.

Jumanne, 14 Oktoba

Niliita watu kumi na wanne wenye damu moja na Manzi, wa kwetu na wa kwa baba yake. Chupa ndogo ya damu, basi. Wamekuja watano, mimi nikiwemo. Tisa hawakuja. Wa Busasamana wanne walisema mvua. Wa Mudende watatu walisema viazi. Wawili wa Goma hawakusema chochote. Sikumwita Munyakazi. Nilishika simu mara tatu nikaiweka.

Jioni binamu mmoja alinipa ukweli kwa sauti ndogo: “Ulisema redioni kuna mtu alimwambukiza. Sasa unakusanya damu ya ukoo. Watu wanajua unatafuta mwenye hatia mwingine.”

Kwa hiyo ni mimi. Nimefanya kazi ya kirusi, na sikuhitaji mrija.

Jumamosi, 18 Oktoba

Redioni. Dakika nne tu. Nilisoma: Nilisema Munyakazi alimwambukiza Manzi. Si kweli. Nilikuwa na hasira na sikuuliza swali la pili. Kipimo cha ukoo kinatafuta mwenye msaada, hakitafuti mwenye kosa. Namwomba Munyakazi radhi kwa jina mara sita, kwa sababu mara sita nilimtaja. Nikamtaja mara sita.

Ujumbe kumi na mmoja. Mmoja ulisema nimezeeka.

Jumatatu, 20 Oktoba

Elfu hamsini na tatu. Mto Sebeya umepanda pia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Dokta Denyse amepiga simu saa tano asubuhi. Kati ya sisi watano hakuna anayefaa. Mimi ramani yangu na ya Manzi zimepishana kama watu wawili kwenye mlango wa benki. Nikaketi chini, sakafuni, jikoni kwangu.

“Subiri,” akasema. “Kuna wa sita.”

“Hakuna wa sita.”

“Alikuja tarehe kumi na tano, siku moja baada yenu. Alipanda basi la asubuhi peke yake, akatoa damu, akauliza chai iko wapi, akaondoka. Ramani yake na ya Manzi ni nusu kwa nusu, na kinga yake inakijua kirusi vizuri mno. Ameniruhusu nikutajie jina, kwa sharti.”

Nilijua jina kabla hajalitaja. Tarehe kumi na tano! Siku tatu kabla sijaomba radhi. Nilikuwa nimemwita mchafu na muuaji mbele ya wilaya nzima, na alikuwa amekwenda hata hivyo, bila kumwambia mtu. Miaka ishirini nimemchukulia kuwa ni mdomo unaotembea. Naandika hapa kwamba sikumjua.

“Sharti gani?”

Dokta Denyse alikuwa anajizuia kucheka, na si mtu wa kucheka. “Anasema chembe zake si za kuchukuliwa kama viazi vya shambani. Mkazipose. Rubona, Jumamosi, kwa heshima zote za posa.”

Jumamosi, 25 Oktoba

Siku kubwa. Nitaiandika polepole.

Wasiotoka huku wajue: kwetu binti haombwi kwa neno moja. Familia mbili zinakaa zikitazamana, kila moja na msemaji wake. Wenyeji wanajifanya hawajui wageni wamefuata nini. Wanakanusha, wanatega, wanafufua makosa ya babu zenu, na msemaji wa waombaji ameze kila kitu huku akitabasamu, maana mwenye kuomba hashindi hoja. Anashinda kwa kupewa. Munyakazi ni bingwa wa kazi hiyo toka Rubona hadi Mudende. Mimi sijawahi kushindwa hoja kwa hiari. Nimeenda.

Nilikuta mahema mawili, viti vimepangwa safu kwa safu, watu labda sitini, kama siku ya kreti. Kutoka upande wa bandari ilisikika milio ya wavuvi wakivuta nyavu. Nyirasafari alinipokea kwa adabu kavu, akanionyesha kiti cha msemaji wa waombaji. Mbele yangu, kwenye kiti cha msemaji wa wenyeji, alikaa Munyakazi, koti jeusi, fimbo mkononi. Simu ya Nyirasafari ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya fanta, na ndani yake alikuwamo Manzi kitandani Kigali, amevaa barakoa, anatazama.

“Wageni,” Munyakazi akaanza, “tunaona mumetoka mbali. Mumepotea njia ya soko?”

“Hatukupotea. Tumekuja kuposa.”

“Kuposa! Bon. Mabinti yangu yote wameolewa. Mukubwa iko Goma, mudogo iko Kigali. Labda munataka ng’ombe?”

“Tunaposa chembe nyeupe za damu yako.”

Watu wakaguna kwa raha. Akajikuna kidevu.

“Chembe nyeupe. Yewe! Pole sana, mumechelewa. Zile zote zimeingia utawa. Ziko novisia, zinafunga na kusali.”

“Tumepita kwa askofu,” nikasema. “Ameziruhusu zitoke.”

Hapo nilisikia kicheko cha kwanza upande wake. Munyakazi alipepesa macho. Nadhani hakutegemea kwamba naijua kazi.

“Na zinaenda kuolewa wapi? Nasikia familia yenu inavunja vyombo vya watu.”

“Tumekivunja kimoja. Tumeleta kingine.” Nikatoa mrija mpya wa mwanzi, wa Busasamana, umechongwa vizuri. Halafu, kwa sababu mimi ni mimi, nikatoa mingine hamsini na tisa. “Na kila mgeni wako tumemletea wa kwake.”

Kelele. Wengine walicheka, wengine wakalalamika. Munyakazi alihesabu ile mirija kwa macho, bila kucheka.

“Shemeji, we hata ukiomba unapigana.”

“Ninaomba. Sijasema nimebadili dini.”

Akasimama. Nami nikajua mchezo umefika mahali pa kweli.

“Iko neno moja,” akasema. “Redioni lilisemwa kwamba mukono huu uliua. Mutoto wa kaka yangu. Kaka yangu ambaye alinibeba mugongoni. Nani alisema?”

Katika posa ya kawaida msemaji angejibu kwa fumbo. Nilikuwa nayo mafumbo matatu mfukoni.

“Mimi,” nikasema. “Nilikosea.”

“Rudia. Iko mutu wa nyuma hakusikia.”

“Nilikosea. Hukumwambukiza. Nilisema uongo juu yako.”

“Mara ya tatu ni ya kaka yangu.”

Niliitoa ya tatu. Nyirasafari akanisogezea maji bila kunitazama.

Munyakazi alikaa. Akaanza kuchezea kichwa cha fimbo. Kisha kutoka ndani ya simu, kwenye chupa ya fanta, sauti nyembamba ikasema:

“Baba mdogo, dakika tisini zimekwisha. Mnacheza muda wa nyongeza, na mchezaji wenu yuko chini.”

Mahema yote mawili yalilipuka. Munyakazi alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa koti.

“Bon, refa amesema. Donc.” Akanyoosha fimbo kuelekea simu. “Zichukueni. Zote. Lakini mahari nataka. Nataka kupanda ndege kwenye kiti cha dirisha.”

Pombe ililetwa. Yeye akafyonza kwanza, kwa mrija wake, kuonyesha haina sumu. Mimi kwa wangu, chungu kilekile. Nilimsikia mzee mmoja nyuma akimwambia mwenzake kwamba ladha haijabadilika.

Ijumaa, 31 Oktoba

Wameondoka: Manzi kwenye kitanda, nesi, na Munyakazi kiti cha dirisha.

Jumanne, 4 Novemba

Simu kutoka India. Mashine imemchukua Munyakazi muda wa saa nne.

“Shemeji, mashine hii ni muzuri. Inatoa damu mukono wa kushoto, inachagua, inarudisha mukono wa kuume. Ni kama Nyirasafari akichambua sambaza: wakubwa huku, wadogo kule, na maji inarudi ziwani.”

“Unaumwa?”

“Midomo inawasha kidogo. Wamenipa kalisiamu. Nawaambia habari ya mrija, hawaelewi Kiswahili, lakini wanatikisa kichwa. Hapa kila mutu anatikisa kichwa. Watu wa akili sana.”

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua toka alfajiri. Saa nane mchana kwetu wamempa Manzi chembe. Uwera alikuwa kwenye simu kutoka Liège, mimi Gisenyi, tukatazama pamoja. Mfuko wenyewe ulikuwa mdogo kuliko wa maziwa ya shuleni, umajimaji karibu hauna rangi. Dakika kumi, umekwisha. Uwera akauliza, “Ndiyo hivyo tu?” Analia kwamba uboho wake ulikuwa mjinga. Nilimwambia uboho wake ndio uliofukuza saratani, asiniletee upuuzi. Hata refa bora anahitaji mshika kibendera wa mtaani.

Jumamosi, 8 Novemba

Redioni wamenipigia kuuliza kama sasa nakubali kwamba mrija ni dawa, maana Munyakazi aliwaambia watu hivyo kabla ya kuondoka. Sikubali! Kinga ya Munyakazi haikutoka kwenye mrija. Angeipata kwa kubusiwa na shangazi. Anayesifu mrija kwa sababu hii asifu na ajali kwa sababu kuna hospitali. Nilihisi vizuri kupigana tena.

Jumatano, 12 Novemba

Elfu sitini na moja. Kimepanda. Na viganja vya Manzi vimetoka vipele vyekundu. Wanaogopa kwamba chembe za mgeni zimeanza kumshambulia mwenyeji. Wamempaka dawa na wanasubiri.



Alhamisi, 13 Novemba

Sebeya umefurika, daraja la miguu limefungwa. Nyirasafari amekuja kwangu na kifurushi cha sambaza kavu. Tumekaa. Nilijifunza kwamba ni yeye aliyemkatia Munyakazi tiketi ya basi ile tarehe kumi na tano, na kwamba njiani Munyakazi alimpigia simu mara mbili kuuliza kama aendelee. “Nikamwambia: ukirudi bila kutoa damu, lala kwenye mtumbwi.”

Ijumaa, 14 Novemba

Vipele havijaongezeka.

Jumatatu, 17 Novemba

Vimefifia. Manzi amekula wali bakuli zima, akaomba jingine.

Jumatano, 19 Novemba

Elfu tisa! Kutoka sitini na moja. Nimemuuliza Dokta Denyse mara tatu kama amekosea sifuri. Akasema chembe za Munyakazi hazikukaa bure. Zikikutana na kirusi zinazaana. Mfuko mdogo ule sasa ni jeshi. Nimekimbia hadi nyumba ya Nyirasafari kwenye matope, na tumecheza bila muziki, wanawake wawili wazima, mbele ya kuku.

Jumapili, 23 Novemba

Mia nne. Jua.

Alhamisi, 27 Novemba

Kipimo hakikioni tena. Dokta Denyse alisoma neno lenyewe kwenye cheti, halafu akavua miwani. Akanionya kwamba hii si tiba ya kila mtu, kwamba amewahi kuona ikishindwa. Nilimsikia. Nilimkumbatia pia, ingawa si mtu wa kukumbatiwa.

Jumapili, 7 Desemba

Wamerudi. Rubona nzima ilitoka, boti zilipiga kengele. Manzi alishuka kwenye gari kwa miguu yake, barakoa usoni, kilo sita zimerudi. Hakuna aliyemgusa: walipanga foleni umbali wa hatua mbili na kumpungia kama rais, amri ya Munyakazi. Ndiyo, ya Munyakazi. Alisimama mlangoni na chupa ya dawa ya mikono akimpulizia kila aingiaye, na mzee mmoja aliyekataa aliambiwa, “We, baki inje na ukaidi yako. Mutoto huyu iko na damu yangu ndani, mi nalinda mali.”

Nilimwambia anaanza kuongea kama mimi.

“Hapana, Shemeji. Mi naongea, watu wanacheka, wanafanya. We unaongea, watu wanapiga makofi, wanaenda nyumbani.”

Nimeliandika kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 11 Desemba

Manzi amesahihisha mitihani ya darasa zima. Wamefeli vibaya. Amefurahi sana.

Jumapili, 14 Desemba

Hili la mwisho nawaandikia ninyi tisa. Wanne wa Busasamana, watatu wa Mudende, wawili wa Goma. Mnajijua.

Manzi yuko hai na anawasalimu. Lakini chembe za Munyakazi ni wageni nusu kwa nusu, hazitakaa daima. Uboho wa Uwera unajifunza, na unajifunza polepole kwa sababu ya vidonge ambavyo Manzi bado hawezi kuviacha. Kirusi hakijafa, kimelala, kama kilivyolala ndani yenu. Mvua ndefu zinakuja Machi. Munyakazi ana miaka sitini na mitatu na presha, na madaktari wamesema hawatamweka kwenye mashine mara ya pili kwa moyo mwepesi. Kwenye fomu ya Dokta Denyse kuna mistari miwili ya watoaji wa chembe. Mmoja una jina. Wa pili ni mtupu, na kati yenu kuna ambaye jina lake linafaa pale. Sijui ni nani. Wala ninyi hamjui, na hamtajua kwa kukaa nyumbani.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliwatisha, nimekiri mara tatu mbele ya mahema mawili, na nitakiri ya nne mkitaka. Sasa sababu yenu ya kutokuja imekwisha, kilichobaki ni visingizio. Twagirimana wa Mudende, unasema unaogopa sindano. Wewe unawachoma ng’ombe sindano kila mwezi na wao hawakuulizwa. Bizumuremyi wa Busasamana, mvua uliyoisingizia Oktoba haikukuzuia kwenda harusini wiki ileile, picha ninazo. Ninyi wawili wa Goma, Nyirasafari anavuka mpaka kila asubuhi na beseni kichwani. Vukeni naye.

Hamna haja ya kwenda Kigali. Jumanne hii, tarehe kumi na sita, saa mbili asubuhi, nesi wa Dokta Denyse atakuwa sebuleni kwangu na chupa tisa ndogo. Kila moja nimeshaibandika jina. Njooni. Msilete pombe, msilete maziwa, msilete pole. Leteni mkono, na mkunje mikono ya shati mkiwa bado barabarani, kwa sababu gari la sampuli linaondoka saa nne na halitamsubiri mtu wa ukoo huu hata mmoja.